Harriet Jacobs: mtumwa aliyeandika kisa chake kwa mkono wake

Safari hii tunawaletea maisha ya mama mmoja aliyezaliwa utumwani huko Marekani zaidi ya miaka 200 iliyopita. Jina lake ni Harriet Jacobs. Alikimbia, akajificha karibu miaka saba, akafika penye uhuru, kisha akaandika kitabu cha maisha yake. Baada ya hapo alikwenda kuwahudumia watu waliokimbia vita. Sisi tulio mbali na makwetu tutayatambua mengi katika habari zake. Tumemchagua hasa kwa sababu moja. Mara nyingi watu wengine walitaka kuandika habari zake kwa niaba yake, wengine kwa ubaya na wengine kwa nia njema. Yeye hakuiachia kalamu.

UTOTO WAKE

Harriet alizaliwa mwaka 1813 katika mji mdogo wa Edenton, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake, Elijah, alikuwa seremala hodari. Mama yake aliitwa Delilah. Wote wawili walikuwa watumwa, kila mmoja wa mwenyewe. Sheria ya huko ilisema mtoto hufuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata baba awe mtu huru. Hata hivyo wazazi hao waliwalea Harriet na mdogo wake John kwa upendo, na Harriet alieleza baadaye kwamba hadi umri wa miaka sita hakujua kuwa yeye ni mali ya mtu.

Alijua mwaka 1819, mama yake alipofariki. Alipelekwa kukaa kwa bibi mwenye mali, Margaret Horniblow. Mama huyo alimtendea vizuri, akamfundisha kushona na kusoma. Baadaye sheria ya North Carolina ilikataza kabisa kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika, kwa hiyo elimu hiyo ndogo ilikuwa hazina kubwa. Lakini Margaret alipokufa mwaka 1825, wasia wake haukumpa Harriet uhuru aliokuwa akiutumaini. Ulimtoa kama urithi kwa mtoto wa ndugu yake, msichana wa miaka mitatu. Baba wa mtoto huyo alikuwa daktari James Norcom, naye ndiye aliyekuwa bwana wa kweli.

Nguzo ya Harriet ilikuwa bibi yake mzaa mama, Molly Horniblow. Bibi huyu alioka mikate na biskuti usiku baada ya kazi za mabwana, akaziuza na kuweka akiba ili awakomboe watoto wake. Alipata dola 300. Mwenye mali wake alizikopa na hakuzirudisha kamwe, kwa maana mbele ya sheria mtumwa hawezi kumdai mtu. Mwaka 1828 Molly alipata uhuru wake, akawa na nyumba yake mwenyewe mjini Edenton. Nyumba hiyo tutaikuta tena.

DAKTARI NORCOM

Harriet alipofika umri wa miaka 15 hivi, daktari Norcom alianza kumwandama. Alimnong'onezea maneno machafu, na alipogundua kuwa binti anajua kusoma, akaanza kumwandikia vikaratasi. Mkewe aliona, akawa na wivu, lakini hasira zake zilimwangukia binti badala ya mumewe. Kijana mmoja mweusi aliyekuwa huru, naye seremala, alitaka kumwoa Harriet. Norcom alikataa. Watumwa hawakuwa na ndoa inayotambuliwa na sheria, na binti hakuwa na mahali pa kushtaki.

Harriet asimulia kwamba bwana huyo alijiunga na kanisa, na baada ya kujiunga hakuwa mwema kuliko mwanzo. Jambo hili aliliandika wazi. Hakuikana imani ya bibi yake, ila alitofautisha imani ya watu walioteswa na dini ya watesaji wao.

Norcom alipoanza kujenga nyumba ya pembeni ili amweke huko peke yake, Harriet alifanya uamuzi uliomwumiza maisha yake yote. Aliingia katika uhusiano na mzungu mwingine ambaye hakuwa na ndoa, mwanasheria Samuel Tredwell Sawyer. Alidhani Norcom atamwacha, na kwamba Sawyer ataweza kuwanunua na kuwapa uhuru watoto watakaozaliwa. Akapata watoto wawili: Joseph mwaka 1829 na Louisa mwaka 1833. Bibi Molly, aliyemlea katika usafi wa mwili na roho, alipopata habari mara ya kwanza alimfukuza nyumbani kwa uchungu. Baadaye alimsikiliza, akamhurumia, akamwekea mkono kichwani.

WAKATI WA HOFU

Mwezi Agosti 1831 mtumwa mmoja aliyeitwa Nat Turner aliongoza uasi katika jimbo jirani la Virginia. Wazungu wengi waliuawa, na kisasi kikawa kikali. Mjini Edenton makundi ya watu wenye silaha yaliingia katika nyumba za weusi, huru na watumwa, wakipekua, wakipora na kuchapa viboko. Watumwa walikuwa na kanisa lao dogo msituni, lenye makaburi yao kando yake. Likabomolewa. Wakaambiwa wakakae kwenye roshani za makanisa ya wazungu.

Katika siku zile mzee mmoja wa miaka 53 alimwomba Harriet amfundishe kusoma ili ajisomee Biblia. Harriet alimweleza hatari yake, mzee hakurudi nyuma. Wakasoma kwa siri. Kabla ya miezi sita kwisha, mzee alikuwa amelipitia Agano Jipya lote.

MIAKA SABA CHINI YA PAA

Mwaka 1835 Norcom alimpeleka Harriet kwenye shamba la mwanawe, nje ya mji. Harriet alipopata habari kwamba watoto wake nao wataletwa huko kufanywa watumwa wa shamba, aliona njia moja tu. Yeye akitoroka, Norcom atachoka kuwatunza watoto, naye atawauza, na baba yao atapata nafasi ya kuwanunua. Usiku mmoja wa Juni alitoroka.

Norcom alitoa tangazo katika gazeti la American Beacon la mji wa Norfolk, akiahidi dola 100 kwa atakayemkamata. Katika tangazo hilo alieleza urefu wa Harriet, rangi yake, nywele zake, ufasaha wake wa kusema na ustadi wake wa kushona. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza habari za Harriet kuchapishwa, na aliyeziandika ni mwindaji wake.

Harriet alifichwa kwanza na marafiki, kisha siku kadhaa kwenye kinamasi chenye nyoka. Mwishowe mjomba wake Mark, mtoto wa Molly, alimtengenezea maficho juu ya stoo iliyoungana na nyumba ya bibi. Palikuwa chini ya paa, na urefu wake futi tisa, upana futi saba. Mahali palipoinuka zaidi palikuwa futi tatu tu, chini ya mita moja. Mtu mzima hawezi kusimama humo. Hapakuwa na dirisha. Siku moja Harriet alikuta keekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao, mjomba alichokisahau. Akatoboa matundu madogo, akapata hewa na mwanga wa kushonea na kusomea. Kupitia matundu hayo aliwaona watoto wake wakicheza njiani, bila wao kujua kwamba mama yao yuko juu ya vichwa vyao.

Alikaa humo tangu 1835 hadi 1842. Wakati wa joto wadudu walimuuma na utomvu wa mbao ulimdondokea. Wakati wa baridi miguu iliganda, na mara moja alizimia ikadhaniwa amekufa. Usiku wa manane aliteremka kidogo kunyoosha viungo.

Hesabu yake kuhusu watoto ilitimia. Norcom aliwauza pamoja na John kwa mfanyabiashara wa watumwa, bila kujua kwamba huyo ametumwa na Sawyer. Watoto wakarudi nyumbani kwa bibi Molly. Lakini Sawyer, aliyechaguliwa baadaye kuwa mbunge wa Marekani, alichelewa kutimiza ahadi ya uhuru wao. Louisa alipelekwa kaskazini kwa ndugu za Sawyer, na huko alitumikishwa kama mtumishi wa nyumbani. John, aliyekuwa amechukuliwa na Sawyer safarini, alimtoroka mwaka 1838 mjini New York.

Akiwa mafichoni Harriet aliandika barua kwa Norcom na kwa bibi yake, akazipeleka kwa watu wa kuaminika ili zitiwe posta New York. Norcom akaamini kwamba yuko mbali. Lakini tazameni alilofanya. Alikuja kwa bibi Molly na barua aliyoitunga yeye mwenyewe, akaisoma kwa sauti kana kwamba ndiyo barua ya Harriet. Ndani yake Harriet alikuwa mtu anayejuta na kutamani kurudi. Mwenyewe Harriet alikuwa amejificha karibu, akimsikia mtesaji wake akisoma maneno ambayo yeye hakuyaandika.

KASKAZINI

Mwezi Juni 1842 ilipatikana meli. Harriet alisafiri kwa siri hadi Philadelphia, kisha New York. Alipata kazi ya kulea mtoto katika nyumba ya mwandishi Nathaniel Parker Willis, akaonana tena na watoto wake. Lakini uhuru wake haukuwa kamili. Norcom alimtafuta, na mwaka 1850 sheria mpya ya Marekani ilitaka watumwa waliotoroka wakamatwe hata katika majimbo ya kaskazini na kurudishwa. Mkimbizi aliyedhani amefika akajikuta bado anakimbia.

Mwaka 1849 Harriet alikuwa amehamia Rochester, alikokuwa John. Huko walifanya kazi katika chumba cha vitabu cha wapinga utumwa, katika jengo lilelile la gazeti la Frederick Douglass, naye mtumwa wa zamani. Alikaribishwa nyumbani kwa Amy Post, mama wa jamii ya Waquaker, ambao sisi tunawajua pia kwa jina la Marafiki. Kwake Harriet alifungua moyo. Alimweleza hata lile la Sawyer, kwa machozi, baada ya kulificha miaka mingi. Amy Post alimsihi aandike.

Norcom alikufa mwaka 1850, lakini binti yake, yule mrithi, alikuwa ameolewa, na mwaka 1852 mumewe alifika New York kumdai Harriet. Mke wa pili wa Willis, Cornelia, alitaka kumnunua ili amwachie huru. Harriet alikataa, maana hakukubali kwamba yeye ni kitu cha kununuliwa. Hata hivyo Cornelia alilipa dola 300. Harriet alishukuru kwa moyo wote kuwa salama, na wakati huohuo aliumia kwamba katika mji wa New York mtu ameuzwa kwa hati.

KITABU

Wakati huo mwandishi maarufu zaidi Marekani alikuwa Harriet Beecher Stowe, aliyechapisha riwaya kubwa juu ya utumwa mwaka 1852. Kwa msaada wa marafiki zake, Harriet Jacobs aliomba ushauri wake. Stowe alifanya mambo mawili. Alitaka kukitia kisa hicho ndani ya kitabu chake mwenyewe, kiwe ushahidi wa riwaya. Tena aliituma habari ya siri ya Harriet kwa Cornelia Willis ili kuuliza kama ni kweli, hali Harriet hakuwa amewahi kumweleza Cornelia juu ya baba wa watoto wake. Harriet aliumia sana. Akaamua kwamba kisa chake kitaandikwa na yeye.

Hakuwa wa kwanza kutoa ushuhuda kati ya wanawake watumwa. Mary Prince, aliyezaliwa Bermuda, alichapishiwa habari zake London mwaka 1831. Yeye alisimulia kwa mdomo, na mwingine akaandika. Harriet alitaka kuandika kwa mkono wake. Hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa yaya katika nyumba yenye watoto kadhaa. Aliandika usiku, kila mtu akiwa amelala, kwa miaka mingi, wala hakumwambia bwana Willis. Mwaka 1853 alianza kwa kujaribu: alituma barua katika gazeti la New York Tribune bila jina lake, nayo ikatoka.

Kuchapisha nako kulikuwa na taabu. Mwaka 1858 alikwenda Uingereza kutafuta mchapishaji, akarudi mikono mitupu. Kampuni moja ya Boston ilikubali ikafilisika. Ya pili ilitaka dibaji ya mwandishi mzungu anayejulikana. Lydia Maria Child aliikubali kazi hiyo, akapanga upya sehemu za kitabu, ila maneno yalibaki ya Harriet. Kampuni hiyo nayo ikafilisika. Harriet akanunua mabamba ya kuchapia, na mwezi Januari 1861 kitabu kikatoka mjini Boston kwa ajili ya mwandishi mwenyewe. Alijiita Linda Brent na kubadili majina ya wote ili kuwalinda watu.

Ndani yake alisema lile ambalo wengi wangelificha. Aliwaeleza wanawake wa kaskazini, wengi wao watu wa kanisa, jinsi utumwa unavyomharibia mwanamke mwili wake na watoto wake. Hakujihesabia haki kuhusu Sawyer. Alikiri uchungu wake, kisha akawaomba wasomaji wampime kwa kufikiri ni njia ngapi zilikuwa wazi mbele ya binti wa miaka 15 asiye na sheria wala mtetezi.

KATI YA WAKIMBIZI

Miezi michache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Maelfu ya watumwa walikimbia mashamba wakaingia katika maeneo ya jeshi la kaskazini. Hawakuitwa hata wakimbizi. Waliitwa kwa neno lenye maana ya mali ya magendo iliyokamatwa vitani. Mwaka 1862 Harriet alikwenda Washington kuwaona, akaandika taarifa katika gazeti la The Liberator, safari hii akijulikana ni nani. Alieleza majengo yaliyojaa wagonjwa, watoto wanaokufa, na kwamba siku nyingine vifo vilifika 10 kwa siku moja. Alieleza pia kwamba watu hawa walitaka kazi, shule na heshima.

Mwaka 1863 yeye na Louisa walihamia Alexandria, Virginia, wakisaidiwa na Marafiki wa New York. Waligawa nguo na kutunza wagonjwa wa ndui. Wakimbizi wenyewe walikuwa wanajenga shule, na likazuka swali la nani ataiongoza. Walikuwapo wamishenari wazungu waliotaka kuishika. Harriet alisisitiza kwamba wenye shule waamue. Wakakutana, wakachagua walimu weusi, Louisa mmoja wao. Shule ilifunguliwa Januari 1864 na wanafunzi 75, na baada ya miezi michache walikuwa zaidi ya 200. Wakaipa jina la Jacobs.

Mwaka 1865 utumwa ulifutwa katika katiba ya Marekani. Harriet na Louisa waliendelea na kazi hiyo mjini Savannah, Georgia, na mwaka 1868 walikwenda London kuomba michango ya nyumba ya yatima na wazee. Ghasia dhidi ya weusi zilifanya nyumba hiyo isijengwe. Mwanawe Joseph alikuwa amekwenda Australia kutafuta dhahabu, na habari zake zilikatika. Harriet alifariki Washington tarehe 7 Machi 1897, akazikwa Cambridge, Massachusetts. Louisa alilazwa kando yake mwaka 1917.

BAADA YA KUFA KWAKE

Kitabu kilisahaulika. Wasomi wengi wa karne ya 20 walisema ni hadithi ya kubuni, na kwamba aliyeiandika ni Lydia Maria Child. Hawakuamini kwamba mtumwa mwanamke angeweza. Ndipo mtafiti Jean Fagan Yellin alipozisoma barua za Harriet kwa Amy Post, zilizohifadhiwa Rochester, akazilinganisha na kumbukumbu za Edenton. Mwaka 1987 alitoa kitabu upya chenye jina la Harriet na uthibitisho wa watu na mahali. Barua za usiku za yaya mmoja zikamtetea miaka 90 baada ya kufa.

Ndugu wapendwa, kila mmoja wetu ameketi mbele ya meza akaeleza alikotoka, na mwingine akaandika. Jambo hilo lina kazi yake, nasi hatulidharau. Lakini karatasi ile imejibu maswali ya aliyeuliza tu. Harriet hakusema kila kitu kwa kila mtu. Alimchagua wa kumwambia kwanza, akangoja hadi alipoweza, kisha akaandika kwa maneno yake. Hata mama aliyebeba jambo zito anaweza kufanya hivyo kwa wakati wake, bila kusukumwa na mtu.

Na nyinyi vijana mliojifunza kusoma hapa kambini, kaeni na bibi na babu zenu. Chukueni daftari. Andikeni majina ya vijiji, ya mito, ya waliozikwa njiani na mwaka waliozikwa. Wakieleza kitu, andikeni walivyosema wao, kisha wasomeeni wasikie kama ndivyo. Hifadhini daftari hilo pakavu.

Mungu awabariki na kuwalinda.